Sindano ya Ng'ombe Yageuka Mzinga: MiG-17 ya Kizazi cha Vita vya Kagera Kwenye Meza ya Dodoma

Sindano namba 18, ile yenye kitako cha rangi ya waridi ambayo wafugaji wa Dodoma huitumia kuchomea ng'ombe, ina tundu la milimita 0.84. Mzinga mkubwa wa ndege ya kivita aina ya MiG-17 ulikuwa na mdomo wa milimita 37. Gawanya 37 kwa 48, unapata 0.77. Tofauti iliyobaki ni saba ya mia ya milimita, kitu ambacho jicho haliwezi kukibaini. Kwa hiyo anayeunganisha modeli ya ndege hiyo kwa uwiano wa 1:48 ana mzinga wake tayari katika duka la dawa za mifugo, kwa bei isiyofika ya soda. Mizinga miwili midogo ya ndege hiyohiyo ni ya milimita 23, nayo inadai tundu la 0.48. Sindano ya kijani, namba 21, ina 0.51.

Kazi hii wengi wakiiona mezani huidhani mchezo wa watoto. Mimi naiona ni namna mojawapo ya kuandika historia, na kwa nchi yetu ni namna tunayoihitaji kuliko tunavyodhani.

Boksi la modeli, liwe limenunuliwa Kariakoo au limeagizwa nje, lina fremu za plastiki ya kijivu zilizobeba vipande vingi vidogo, karatasi ya maelekezo na stika za alama. Kiwanda huwa kimefanya sehemu kubwa. Umbo la jumla ni sahihi, mabawa yamelala nyuma inavyotakiwa, pua ina mdomo wa mviringo wa kuvuta hewa. Lakini plastiki inayomiminwa kwenye kalibu ina mipaka yake. Haiwezi kuwa nyembamba kama bati la ndege. Tundu la mzinga hutoka limeziba, kiti cha rubani hakina mikanda, breki hazina mabomba, na chumba cha magurudumu ni shimo tupu lenye kuta laini. Hapo ndipo mwenye modeli anapoanza kazi yake: kubandua kilicho kinene, kutoboa kilichoziba na kuongeza kilichoachwa, kwa vitu ambavyo havikutoka kwenye boksi lolote.

Ufundi huu una umri. Modeli za plastiki za kuunganisha zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1936 kwa jina la Frog Penguin, kwa uwiano wa 1:72, yaani inchi moja kwa kila futi sita. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, Jeshi la Majini la nchi hiyo liliziomba shule zitengeneze modeli nusu milioni za ndege, za rafiki na za adui, zote kwa uwiano huohuo. Wanafunzi walizichonga kwa mbao. Mabaharia na wapiga mizinga walizitumia kujifunza umbo la kila ndege, ili wajue wanachokilenga kabla ya kufyatua.

Somo hilo Tanzania ililipata kwa gharama kubwa.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilianzishwa Septemba 1, 1964. Kikosi chake cha anga kilianza kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ambao ulikatika mwaka 1965. Wakaja Wakanada, waliotufundisha kurusha ndege za usafirishaji kama Caribou na Otter hadi mwaka 1970. Baada yao wakaja Wachina, na ndipo tulipopata kituo cha Ngerengere mkoani Morogoro pamoja na ndege za kivita zenyewe. Zilikuwa za ukoo wa MiG, lakini zilijengwa China. Ile ya Shenyang iliyotokana na MiG-17 iliruka mara ya kwanza Julai 19, 1956. Wachina wenyewe waliiita J-5, na zilizouzwa nje ziliitwa F-5.

Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Uganda nayo ilikuwa na MiG-17 na MiG-21, za kwake zikiwa zimetoka Umoja wa Kisovyeti. Ndege hizo zilijaribu kulivunja Daraja la Kyaka kwa mabomu zikashindwa, mpaka Waganda wakamtumia mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe kulilipua. Kwa upande wetu, katika siku hizohizo za mwanzo, ndege tatu za kivita za Tanzania zilidunguliwa na walinzi wa anga wa Tanzania wenyewe, upande wa Musoma. Pande zote mbili zilikuwa na ndege za ukoo mmoja. Askari aliye chini, akiwa na sekunde chache za kuamua, aliona pua ya mviringo na mabawa yaliyolala nyuma. Alama za taifa ubavuni haziwezi kusomeka kwa kasi ile.

Ninapoketi na modeli ya MiG-17 mbele yangu, jambo hilo halinitoki. Ndege ya rafiki na ya adui zilitofautiana kwa mambo madogo, na mambo madogo ndiyo kazi yenyewe ya mezani.

Basi turudi kwenye mizinga. Katika MiG-17 imekaa chini ya pua: ule wa milimita 37 upande wa kulia wa rubani, ukiwa na risasi 40, na miwili ya milimita 23 upande wa kushoto, kila mmoja risasi 80. Plastiki huitoa kama vijiti butu. Navikata, natoboa mahali pake kwa ncha ya sindano nyembamba niliyoishika kwa koleo, halafu napachika bomba la chuma. Sindano haikatwi kwa koleo, maana koleo huibana ikafunga tundu. Izungushe taratibu chini ya tupa ya pembetatu mpaka ipate mkwaruzo pande zote, kisha ivunje kwa vidole. Na iwe mpya, imetoka kwenye pakiti yake. Nimewahi kusikia vijana wakishauriana kuokota zilizotumika, na hilo nalipinga kwa nguvu zote. Hakuna modeli yenye thamani ya ugonjwa.

Juu ya kila bawa la MiG-17 kuna viukuta vitatu vyembamba vinavyokwenda mbele hadi nyuma, kazi yake ikiwa kuzuia hewa isiteleze kuelekea ncha ya bawa. MiG-15 ilikuwa na viwili. Ukitaka kuzitofautisha ndege hizi mbili kwenye picha hafifu, hesabu viukuta. Kwenye boksi langu viukuta hivyo vilikuwa na unene wa nusu milimita. Zidisha kwa 48, unapata bati la milimita 24, nene kuliko ubao wa meza. Ubavu wa kopo la soda la alumini una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo kwa uwiano wetu ni chini ya milimita tano. Nachora umbo kwenye karatasi, nalibandika juu ya bati, nakata kwa mkasi wa kucha, nasugua kingo kwa msasa laini. Kisha nachimba mfereji mwembamba kwenye bawa kwa mgongo wa wembe, ili kiukuta kisimame ndani yake na si juu yake. Ukivitazama sita vyote vikiwa wima, jioni, taa ikiwa pembeni, modeli imeshaacha kuonekana plastiki.

Lakini mahali ninapokaa kwa muda mrefu kuliko kwingine kote ni chumba cha rubani.

Katikati ya ubao wa saa wa ndege hizi, wenye rangi nyeusi, ulipakwa mstari mweupe uliosimama wima. Mara nyingi boksi haliutaji. Sababu yake ni nzito. Ndege inapopoteza nguvu ya kuelea na kuanza kuanguka ikijizungusha, rubani huchanganyikiwa asijue kulia wala kushoto. Alifundishwa kuusukuma mkono wa uongozi kuuelekea mstari ule, kwa sababu mstari uko katikati hata kama dunia yote nje ya kioo inazunguka. Kijana wa Kitanzania aliyepelekwa China kujifunza urubani miaka ile aliketi mbele ya mstari huo. Kwenye modeli ni uzi wa karatasi nyeupe, mwembamba kuliko unywele wa mvi. Kuuweka kunachukua dakika moja, na kuuacha ni kumwondoa rubani kwenye ndege yake.

Ubao wenyewe naujenga upya kwa kadi za zamani za vocha za simu. Naweka tabaka mbili, la juu likiwa na matundu ya saa yaliyotobolewa kwa sindano butu iliyonolewa kingo. Mishale ya saa ni nukta za rangi nyeupe. Tone la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kila tundu linakuwa kioo. Mikanda ya kiti ni gundi-karatasi ya mafundi rangi iliyokatwa nyembamba, na bizimu zake ni waya wa shaba uliokunjwa. Kioo cha kulengea shabaha kinakatwa kutoka kwenye pakiti ya vidonge, ile sehemu bapa iliyo angavu.

Magurudumu hayanichukui muda. Uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa hedifoni unatosha kuwa bomba la breki, na gololi chache za beringi ya baiskeli zilizogandishwa ndani ya pua huizuia ndege kukalia mkia. Ribiti nazipiga kwa gia ya saa ya mezani iliyokufa, naiviringisha kando ya rula ikiacha vinukta vilivyopangana. Waya wa antena unaotoka kwenye mkia ni uzi mmoja wa rasta, ambazo saluni za mji huu huzifagia kila jioni. Ukiusogezea moto wa kijiti cha ubani kwa mbali, hukaza wenyewe.

Kwenye rangi, nyanda hizi zina masharti yake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu, na kuanzia Juni upepo hauna huruma. Rangi ya kupuliza hukauka ikiwa bado hewani, ikatua kama unga. Thina ya kawaida ya gereji haifai peke yake mchana. Tumia inayokauka polepole, au puliza alfajiri kabla upepo haujaamka. Nyunyiza maji sakafuni kwanza ili vumbi lilale, na ukimaliza ifunike modeli kwa ndoo safi. Mlango uache wazi kidogo kwa ajili ya moshi wa thina, maana mapafu ni muhimu kuliko ubapa wa rangi. Rafiki zangu wa Dar es Salaam hulalamikia unyevunyevu unaoifanya rangi ipauke. Sisi tunapambana na mchanga.

Watu huniuliza kwa nini nisinunue seti zilizotengenezwa tayari. Zipo. Jamhuri ya Czech ina viwanda vinavyochora mikanda, vioo vya saa na viukuta kwenye bati jembamba kwa tindikali, na kazi yao ni safi mno. Nawaheshimu. Lakini seti hizo mara nyingi hugharimu sawa na modeli yenyewe au zaidi, na wanaozitengeneza huwawazia wateja wao wengi, walio Ulaya, Marekani na Japani. Katika maboksi yote yaliyopita mikononi mwangu sijakuta hata moja lenye alama za JWTZ. Nimekuta za Wamisri, za Wavietinamu, za Wapolandi na za Wajerumani Mashariki. Ndege iliyolinda anga la Mwanza na Bukoba lazima mtu akae aifanye kwa mkono.

Na mikono ipo hapa. Fundi simu wa katikati ya mji huu hulehemu nyaya nyembamba kuliko zangu, mchana kutwa, chini ya mwavuli, bila kupumzisha macho. Watoto wa vijiji vya Ugogo hufinyanga ng'ombe wa udongo na kumpa kila mmoja pembe zake, kwa kuwa wanamjua mwenyewe zizini. Mavuno ya mtama na uwele yakiisha, mabua hugeuka magari yenye magurudumu yanayozunguka. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki dunia Desemba 2003, alisimama kwenye majukwaa ya dunia na ilimba yake, ala ambayo funguo zake ni vyuma vilivyofuliwa bapa na kurekebishwa urefu kidogo kidogo mpaka sikio liridhike. Aliyeweza kusikia kosa la nusu milimita ya chuma hashindwi kuliona. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaonyesha vijana kwamba ustadi huo unaweza kuelekezwa kwenye ndege, na kutoka kwenye ndege ya plastiki kuelekezwa kwenye ndege ya kweli. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Mwanafunzi anayefika pale akijua kwa nini bawa lina kiukuta ameshatangulia darasa.

Nina msimamo mmoja ambao wenzangu wa fani hii hawaupendi sana. Baadhi yao huongeza undani usio na ushahidi ili modeli ipendeze tu: nyaya ambazo hazikuwepo, mabaka ya kutu kwenye bati la alumini ambalo halishiki kutu nyekundu, uchafu wa mafuta mahali pasipopita mafuta. Kila kipande unachoongeza ni dai. Ukipachika bomba, umesema bomba lilikuwa hapo. Ukipaka ndege rangi ya kijani, umesema ilikuwa ya kijani siku hiyo, katika uwanja huo. Mwandishi wa habari haandiki asichokithibitisha, na mtu wa modeli asipachike asichokiona kwenye picha au mchoro. Heri ubavu ulioachwa mtupu kuliko uongo uliopambwa vizuri, kwa sababu mtoto atakayeitazama modeli ile miaka ishirini ijayo ataiamini.

Kwa mwenye hamu ya kazi ngumu zaidi, nyanda hizi za kati zina ndege zake nyingine. Februari 27, 1920, ndege ya Vickers Vimy Commercial iliyokuwa ikijaribu kufika Cape Town kutoka London, ikiwa na marubani Cockerell na Broome pamoja na mtaalamu wa wanyama Chalmers Mitchell, iliangukia Tabora na safari ikaishia hapo. Vimy ilizaliwa kuwa ndege ya mabomu. Ile ya Tabora ilivikwa kiwiliwili kinene cha abiria, kwa hiyo anayetaka kuijenga kutoka kwenye modeli ya kivita atalazimika kuutupa mwili mzima na kuuchonga mpya. Mwaka 1932 Imperial Airways ilipoanza safari zake hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa kituo kati ya Moshi na Mbeya, na ndege zenye injini tatu za de Havilland Hercules zilitua hapa. Nani kati yetu amewahi kumwonyesha mwanawe umbo lake?

Hata hivyo mimi nimebaki na MiG, kwa sababu waliozirusha na kuzihudumia bado tunao, ingawa wanapungua. Entebbe ilipotekwa Aprili 7, 1979, wapiganaji wetu walizikuta pale MiG-21 za Amin zikiwa nzima, na kadhaa zikachukuliwa kuletwa Tanzania. Askari waliozisogelea wakati huo, mafundi waliozikagua, madereva waliobeba vipuri vyake, leo ni wazee wa miaka sabini na themanini. Wengine wanaishi Dodoma hii hii. Wana albamu kabatini. Ndani ya picha ya kijana aliyevaa ovaroli na kusimama mbele ya pua ya ndege, familia humwona babu. Mimi humwona babu, halafu naona kifuniko cha mzinga, rangi ya mguu wa gurudumu, namba iliyoandikwa kwa mkono kwenye mlango.

Kupiga picha maeneo ya jeshi bila ruhusa ni kosa, na sheria hiyo ina sababu zake. Ninachoomba ni kuhusu picha zilizokwisha kupigwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita, ambazo sasa zinaliwa na mchwa na unyevu. Mzee uliyekuwa kikosi cha anga, au wewe mtoto wake: itoe picha hiyo kwenye albamu, kaa naye chini, na uandike nyuma yake kwa penseli mahali ilipopigwa, mwaka, aina ya ndege na majina ya waliosimama. Kisha peleka nakala Makumbusho ya Taifa au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Fanya hivyo mwezi huu, wakati mwenye picha bado anakumbuka majina.